Jinsi ya Kusoma na Kulinganisha Ramani za Intaneti Kabla ya Kulipa: Somo kwa Wakazi wa Olkaria na Viunga Vyake

Katika wadi za Olkaria, Hells Gate na Maiella, familia nyingi huamua aina ya intaneti ya kununua kwa kumsikiliza jirani au wakala anayepita na kipeperushi. Jirani huweza kusema kweli kuhusu nyumba yake, na wakala huweza kusema kweli kuhusu kijiji kizima, lakini bado rauta iliyonunuliwa isifanye kazi katika nyumba iliyo upande wa pili wa kilima. Pesa hizo hazirudi kwa urahisi.

Hasara si ya pesa tu. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne huchagua kozi kupitia mtandao wa KUCCPS, na dirisha la maombi hufungwa siku iliyotangazwa. Mfanyabiashara hulipia vibali na mwananchi huomba vyeti kupitia eCitizen. Zahanati huthibitisha usajili wa wagonjwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mtandao ukikatika kila jioni, shughuli hizi huhamia Kongoni, Kamere au Naivasha mjini, na nauli ya bodaboda huongezeka juu ya gharama ya kifurushi kilicholipiwa tayari.

Ipo njia ya kupunguza hatari hii, nayo haina malipo: kusoma ramani za huduma za kampuni mbalimbali, kuzilinganisha, kisha kupima nyumbani kabla ya kutoa pesa. Somo hili linaeleza hatua hizo moja baada ya nyingine. Linaweza kusomwa na mtu mmoja, au likafuatwa na chama, kikundi cha wazazi au kamati ya maji inayotaka kununua huduma kwa pamoja.

Ramani ya huduma hutengenezwaje?

Ramani ya huduma ni picha ya eneo iliyopakwa rangi kuonyesha mahali ambapo mtandao unatarajiwa kupatikana. Neno muhimu hapa ni "unatarajiwa". Kampuni ya simu haitumi mtu kupima kila boma. Kompyuta hupewa mahali mnara ulipo, urefu wake, nguvu ya mitambo, masafa yanayotumika, na umbo la ardhi: milima, mabonde na tambarare. Kisha hukokotoa mawimbi yatafika wapi na yakiwa na nguvu kiasi gani. Matokeo hupakwa rangi.

Kwa hiyo ramani ni makadirio yaliyofanywa kwa utaratibu. Huwa sahihi zaidi mahali tambarare na wazi, na hupungua usahihi pale ardhi inapopanda na kushuka ghafla. Pia kila kampuni hujichagulia kiwango chake cha kupaka rangi. Kampuni moja inaweza kupaka kijani mahali ambapo simu hupata mtandao nje ya nyumba tu, nyingine ikapaka kijani pale tu ambapo mtandao unaingia hadi ndani. Rangi zikifanana, ahadi zinaweza kuwa tofauti.

Ugumu huu haupo Kenya peke yake. Mwezi Desemba 2019, tume inayosimamia mawasiliano nchini Marekani, FCC, ilitoa ripoti kuhusu ramani za 4G za kampuni tatu: Verizon, T-Mobile na U.S. Cellular. Maafisa wake walisafiri karibu maili 10,000, sawa na kilomita 16,000 hivi, katika majimbo 12 wakifanya zaidi ya vipimo 24,000. Katika vipimo vilivyofanywa kwenye gari, asilimia 62.3 tu vilifikia kasi ya chini iliyoahidiwa na ramani. Ikiwa nchi yenye uwezo mkubwa wa kukagua ilikuta tofauti hiyo, mkazi wa Olkaria ana sababu nzuri ya kupima mwenyewe.

Ardhi ya Olkaria na mawimbi

Ziwa Naivasha liko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Longonot kinafika mita 2,776, na upande wa kaskazini-magharibi mwa ziwa milima ya Eburru hupanda hadi mita 2,800 hivi. Katikati yake kuna vilima vya Olkaria, majabali ya Hell's Gate na makorongo yaliyochongwa na maji. Ni nchi ya volkano, na ndiyo sababu mvuke hupatikana chini yake. Mtambo wa kwanza wa umeme wa Olkaria ulianza kazi mwaka 1981.

Mawimbi ya simu husafiri karibu kama mwanga. Kilima kikisimama kati ya mnara na nyumba, nyumba hubaki kwenye kivuli. Boma mbili zilizo umbali wa mita 300 huweza kutofautiana kabisa: moja iko juu ya mteremko unaoutazama mnara, nyingine iko chini kwenye bonde. Ramani inayoonyesha kaunti nzima kwenye kioo cha simu haiwezi kuonyesha tofauti hiyo.

Mambo mengine mawili huongeza ugumu. La kwanza ni ujenzi. Mabati huzuia mawimbi, kwa hiyo nyumba yenye kuta na paa la mabati hupokea mtandao hafifu ndani hata kama nje ni mzuri. La pili ni masafa. Mawimbi ya masafa ya chini, kama vile megahezi 800 au 900, hufika mbali na hupenya kuta vizuri kuliko yale ya masafa ya juu. Huduma ya 5G mara nyingi hutumia masafa ya juu, yenye kasi kubwa lakini yanayofika karibu. Kwa sababu hiyo, kijiji kinaweza kuwa na 2G ya kupigia simu na kutuma pesa bila kuwa na 4G ya kutazama somo la video. Mtu akisema "hapa kuna mtandao", aulizwe ni mtandao upi.

Aina nne za huduma na namna ya kusoma ramani zake

Ya kwanza ni mtandao wa simu, unaotolewa na kampuni kama Safaricom, Airtel na Telkom, pamoja na Faiba ya kampuni ya Jamii Telecommunications. Ramani yake huwa na tabaka: 2G, 3G, 4G na 5G. Msomaji achague tabaka moja kwa wakati. Ramani ikiachwa na tabaka zote, rangi ya 2G hufunika kila mahali na kumpa mtu matumaini yasiyo na msingi.

Ya pili ni faiba, yaani waya wa kioo unaoingia ndani ya nyumba. Ramani yake haina mawimbi ya kukisia. Waya upo au haupo. Lakini kupita kwa waya barabarani si sawa na kupata huduma. Wakazi wa Olkaria wanalielewa jambo hili kupitia umeme: nyaya za msongo mkubwa kutoka Olkaria kuelekea Suswa hupita juu ya ardhi ya malisho, lakini nyumba huwashiwa taa na transfoma iliyo karibu wala si nyaya hizo. Vivyo hivyo, faiba kuu inayopita kando ya barabara inahitaji kisanduku cha kugawia huduma karibu na nyumba. Swali la kuuliza ni hili: kisanduku cha karibu kiko umbali gani, na nani atalipia waya wa kutoka hapo?

Ya tatu ni intaneti ya redio isiyohamishika. Kampuni hufunga antena ndogo juu ya paa la mteja ikitazama mnara wake. Huduma hii hutegemea kuonana: antena na mnara lazima vitazamane bila kilima wala miti mirefu katikati. Kampuni nyingi za aina hii hazitoi ramani ya kina. Hutuma fundi kukagua. Kabla ya fundi kuja, mkazi anaweza kupanda mahali antena itakapofungwa na kuangalia kama mnara unaonekana. Asipouona kwa macho siku isiyo na ukungu, matumaini ni madogo. Kando ya ziwa, migunga mirefu pia huingia katika hesabu hii.

Ya nne ni setilaiti. Eneo hili lina historia nayo: kituo cha ardhini cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970 kuunganisha Kenya na ulimwengu kupitia setilaiti zilizo umbali wa karibu kilomita 36,000 angani. Setilaiti za huduma ya Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya mwezi Julai 2023, ziko karibu zaidi, takriban kilomita 550, kwa hiyo mazungumzo ya video hayacheleweshwi sana. Kilima hakina madhara makubwa kwake mradi dishi lione anga wazi.

Ramani ya setilaiti huwa na rangi moja karibu nchi nzima, na hapo ndipo penye mtego wake. Tatizo lake si mawimbi kufika, ni nafasi. Setilaiti huhudumia eneo kwa uwezo wenye kikomo, na wateja wakizidi, kampuni huacha kusajili wapya. Mwezi Novemba 2024 Starlink ilisimamisha usajili mpya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa, na ukafunguliwa tena katikati ya 2025. Kajiado na Kiambu zinapakana na Nakuru. Mwenye kupanga kununua dishi aangalie ramani siku ile ile ya kuagiza, si ile aliyoiona miezi mitatu iliyopita.

Mahali pa kupata ramani

Ramani zinapatikana katika vikundi viwili.

Kundi la kwanza ni ramani za kampuni zenyewe. Hupatikana kwenye tovuti ya kampuni husika, kwa kawaida katika ukurasa wa huduma za nyumbani au wa 4G na 5G. Starlink ina ramani ya upatikanaji kwenye tovuti yake, na humruhusu mtu kuandika mahali anapoishi kabla ya kulipa.

Kundi la pili ni ramani zinazotokana na vipimo vya watumiaji. Programu za simu kama nPerf, Opensignal na CellMapper hukusanya nguvu ya mawimbi au kasi kutoka kwa simu za watu na kuzichora kwenye ramani. Faida yake ni kwamba zinaonyesha kilichopimwa kweli. Udhaifu wake ni kwamba hupima pale tu ambapo watu wenye programu hiyo wamepita. Kwa sababu hiyo alama nyingi hufuata barabara kuu, kama ile ya Moi South Lake, na vijiji vya ndani hubaki vitupu.

Ni muhimu kuelewa maana ya sehemu nyeupe. Kwenye ramani ya kampuni, nyeupe humaanisha kampuni haiahidi huduma hapo. Kwenye ramani ya vipimo vya watumiaji, nyeupe humaanisha hakuna aliyepima. Kwenye ramani ya faiba, nyeupe huweza kumaanisha waya haujafika, au umefika na ramani haijasasishwa. Asiyetofautisha mambo haya matatu huenda akaikataa huduma nzuri au akakubali isiyokuwepo.

Maswali matano ya kulinganisha

Ramani mbili hulinganishwa vizuri zikiulizwa maswali yale yale. Majibu yaandikwe kwenye karatasi, safu moja kwa kila kampuni.

1. Ramani ni ya lini? Tarehe ya kusasishwa mara nyingi huandikwa kwa maandishi madogo chini. Ramani isiyo na tarehe isiaminiwe peke yake.

2. Rangi ina maana gani? Ufunguo wa ramani usomwe. Je, ni 3G au 4G? Ni ndani ya nyumba au nje? Ni mtandao uliopo sasa au unaopangwa?

3. Je, ramani inaonyesha kasi au mawimbi tu? Mawimbi yenye nguvu hayahakikishi kasi. Mnara mmoja ukihudumia watu wengi, kila mmoja hupata kidogo, hasa jioni.

4. Je, boma lenyewe linaonekana? Ramani ikuzwe hadi nyumba, shule au kisima kitambulike. Ikigoma kukuzwa, haikuundwa kujibu swali la nyumba moja.

5. Kampuni inasema nini kuhusu ramani yake? Nyingi huandika kwamba ramani ni makadirio. Maneno hayo ndiyo yatakayotumika mteja akilalamika baadaye, kwa hiyo yasomwe mapema.

Katika kutafuta boma, njia ya uhakika ni kutumia namba za mahali, yaani latitudo na longitudo. Kwenye Google Maps, mtu hubonyeza mahali na kushikilia kidole hadi alama itokee, kisha namba huonekana. Olkaria iko karibu na -0.9 na 36.3. Alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza isisahauliwe, kwa kuwa inaonyesha kusini mwa ikweta. Ikiachwa, ramani itampeleka mtu karibu kilomita 200 kaskazini, hadi Tiaty katika Kaunti ya Baringo, na majibu yote yatakuwa ya huko.

Kupima nyumbani

Baada ya ramani kupunguza orodha hadi kampuni mbili au tatu, kinachofuata ni kipimo. Kwa mtandao wa simu, laini ya kampuni husika ni ya bei nafuu, na mara nyingi jirani au mgeni anayo tayari. Hakuna haja ya kununua rauta ili kupima.

Kipimo cha kwanza ni nguvu ya mawimbi, na hakitumii data. Katika simu nyingi za Android, namba hii hupatikana kwenye mipangilio, sehemu ya "kuhusu simu", kisha hali ya laini. Huandikwa kwa kipimo cha dBm na huwa na alama ya kutoa, kwa hiyo namba iliyo karibu na sifuri ndiyo bora. Kwa 4G, -85 ni nzuri, -100 ni ya wastani, -110 ni dhaifu, na ikifika -120 mtandao hauna faida. Vijiti vinavyoonyeshwa juu ya kioo visitumike kulinganisha, kwa sababu kila aina ya simu huvihesabu kivyake.

Kipimo cha pili ni kasi, kwa kutumia programu kama Speedtest. Kipimo kimoja kinaweza kutumia makumi ya megabaiti au zaidi, kwa hiyo kisirudiwe ovyo. Inatosha kupima mara tatu kwa siku, asubuhi na mapema, mchana na saa mbili usiku, kwa siku tatu, moja kati ya hizo ikiwa ya wikendi. Kipimo cha saa mbili usiku ndicho muhimu kuliko vyote, kwa kuwa ndipo watu wengi huwa mtandaoni. Kipimo cha alfajiri kikionyesha megabiti 20 kwa sekunde na cha usiku megabiti 1, familia itaishi na ile ya usiku.

Kasi inahitaji kulinganishwa na matumizi. Kujaza fomu na kutuma ujumbe huhitaji kasi ndogo. Mkutano wa video huhitaji megabiti 1 hadi 2 kwa sekunde kwa kila mtu, kupokea na kutuma. Video iliyo wazi kwenye runinga huhitaji megabiti 5 hivi. Pia ikumbukwe kwamba kasi hupimwa kwa megabiti na vifurushi huuzwa kwa megabaiti na gigabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, faili la gigabaiti moja huchukua dakika 27 hivi kupakuliwa.

Kipimo cha tatu ni mahali pa kuweka kifaa. Mtu apime ndani ya nyumba, mlangoni, na nje upande unaotazama mnara. Nje ikiwa nzuri na ndani ikiwa mbaya, tatizo ni mabati, na antena ya nje huenda ikalitatua. Zote tatu zikiwa mbaya, rauta mpya haitasaidia hata ikiwa ya bei ghali.

Hesabu ya mwaka mzima

Bei ya mwezi peke yake hudanganya. Mfano ufuatao ni wa kubuni, bei zake si za kampuni yoyote, lakini hesabu hufanywa vivyo hivyo kwa bei za kweli.

Familia moja imepata huduma tatu zinazofika nyumbani. Huduma A ni ya laini ya simu: haina ada ya kufungiwa, na vifurushi ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 24,000. Huduma B ni ya redio: kufungiwa shilingi 5,000 na kila mwezi shilingi 2,500. Mwaka wa kwanza ni shilingi 35,000. Huduma C ni ya setilaiti: dishi shilingi 30,000 na kila mwezi shilingi 4,000. Mwaka wa kwanza ni shilingi 78,000.

Kwa nyumba moja inayotumia intaneti kwa mambo machache, A inatosha ikiwa kipimo cha usiku ni kizuri. Lakini nyumba nne za boma moja zikichangia C, kila moja hulipa shilingi 19,500 mwaka wa kwanza na shilingi 12,000 mwaka wa pili. Hapo ile iliyoonekana ghali huwa nafuu. Kabla ya kuchanga, masharti ya kampuni yasomwe kuona kama matumizi ya pamoja yanaruhusiwa, na ijulikane nani atatunza kifaa.

Umeme nao uhesabiwe. Dishi linalotumia wati 60 kwa saa 10 hutumia uniti 0.6 kwa siku, yaani uniti 18 kwa mwezi. Kwa nyumba inayotumia sola ndogo ya taa na kuchaji simu, hesabu hii huweza kubadilisha uamuzi wote.

Mkazi ambaye mtandao wake wa sasa ni dhaifu asiogope kupoteza namba iliyo kwa wateja wake na kwenye akaunti ya pesa. Tangu mwaka 2011, sheria za Kenya humruhusu mteja kuhamia kampuni nyingine na namba yake ile ile. Kabla ya kuhama, aulize kwanza itakuwaje kuhusu salio na mkopo ulio kwenye laini.

Ramani ikikosea, iripotiwe

Ramani isiyo sahihi huumiza kijiji kwa njia nyingine isiyoonekana haraka. Kenya ina Hazina ya Huduma kwa Wote, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano na kuchangiwa na kampuni zenye leseni. Kazi yake ni kugharamia mawasiliano mahali ambapo kampuni hazioni faida ya kujenga. Utafiti wa Mamlaka wa mwaka 2016 kuhusu pengo la huduma ulichambua nchi kwa kiwango cha kata ndogo, na matokeo yake yakaongoza mahali pa kujenga minara. Kijiji kilichopakwa kijani kimakosa huonekana hakina shida. Bila ushahidi kutoka kwa wanaoishi humo, hakuna atakayejua.

Hatua ya kwanza ni kwa kampuni. Kanuni za kulinda watumiaji wa huduma za mawasiliano za mwaka 2010 zinampa mteja haki ya kupata taarifa kamili na zilizo wazi kuhusu bei na masharti ya huduma. Lalamiko litolewe kwa maandishi, na namba ya kumbukumbu ihifadhiwe. Kampuni isipotatua, mteja anaweza kulifikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano kupitia tovuti yake, ca.go.ke.

Lalamiko la mtu mmoja husema "mtandao ni mbaya". Ripoti ya kijiji yenye vipimo ina uzito mkubwa zaidi. Kikundi kinaweza kuchagua sehemu kumi, kwa mfano shule, zahanati, kituo cha maziwa, kanisa, kisima na maboma kadhaa, na kuandika kwa kila sehemu: namba za mahali, tarehe na saa, kampuni, aina ya mtandao ulioonekana, namba ya dBm, kasi ya kupokea na kutuma, na rangi ambayo ramani ya kampuni inaonyesha hapo. Picha ya kioo cha simu iambatishwe. Majina na namba za simu za watu hazihitajiki katika jedwali hilo na zisiwekwe.

Jedwali likikamilika, nakala moja ipelekwe kwa kampuni, nyingine kwa Mamlaka, na nyingine kwa msimamizi wa wadi au mwakilishi wadi ili izungumzwe kwenye vikao vya ushirikishwaji wa umma. Leseni na minara si kazi ya kaunti, lakini kaunti hupanga maendeleo ya wadi, na ombi lenye vipimo ni rahisi kulitetea. Wanaojaza programu za vipimo nao husaidia: kila kipimo kilichofanywa Narasha, Olomayiana au Maiella hupunguza sehemu nyeupe kwenye ramani itakayotumiwa na mkazi mwingine.

Zoezi la kikundi

1. Kila mwanakikundi atafute namba za mahali za nyumba yake na kuziandika pamoja na alama ya kutoa.

2. Wafungue ramani za kampuni mbili kwa tabaka la 4G peke yake, na waandike rangi ya kila nyumba na tarehe ya ramani.

3. Wapime dBm ndani na nje ya nyumba tatu zilizo juu ya mteremko na tatu zilizo bondeni. Je, tofauti ni kiasi gani, na ramani imeionyesha?

4. Wafanye hesabu ya mwaka mzima kwa huduma mbili zilizobaki, kwa bei za sasa zilizothibitishwa na kampuni, pamoja na umeme.

5. Wajadili: ni nyumba ngapi ambazo ramani inasema zina huduma lakini vipimo vinasema hazina? Jibu la swali hili ndilo la kuandikwa mwanzoni mwa ripoti ya kijiji.